Kukopa Arusi: Theluji ya Kutengeneza na Haki ya Majira

Kila mwezi wa Oktoba, katika milima ya Colorado nchini Marekani, vituo vya mchezo wa kuteleza kwenye theluji huingia katika mashindano yasiyo na refa wala kikombe. Arapahoe Basin, Loveland na Keystone kila kimoja hutaka kiwe cha kwanza kufungua msimu. Wakati huo sehemu kubwa ya milima ingali na rangi ya nyasi kavu. Theluji ya mbinguni ikianguka, huwa haba, na mara nyingi huyeyuka jua likichomoza. Kinachofungua msimu basi ni mashine zinazonguruma usiku kucha zikipuliza maji yaliyogandishwa. Asubuhi huonekana utepe mmoja mweupe ulioshuka katikati ya mlima wa kahawia, na watu wamepanga foleni ili wauteremke.

Insha hii inauliza swali moja: je, ni haki kuyalazimisha majira yaje kabla ya wakati wake? Wako wanaojibu upesi kwamba huo ni ufujaji wa matajiri, na wako wanaojibu upesi vilevile kwamba ni biashara halali isiyomdhuru mtu. Naona majibu yote mawili yanaruka jambo muhimu. Nitajaribu kuonyesha kwamba kutengeneza theluji si kosa kwa yenyewe. Kutengeneza theluji ni kukopa, na mkopo huwa halali au haramu kulingana na nani anakopwa, anakopwa wakati gani, na kama aliulizwa. Wazee wetu walisema kukopa arusi, kulipa matanga. Methali hiyo haikatazi kukopa. Inatuonya kwamba furaha ya siku ya kupokea inaweza kutusahaulisha siku ya kulipa, na mimi nitaongeza: inaweza pia kutusahaulisha mkopeshaji mwenyewe.

Tuanze na mashine, kwa maana si haki kuhukumu tusichokijua. Mizinga ya theluji ilibuniwa mwaka 1950 katika jimbo la Connecticut, Marekani, na Wayne Pierce, Art Hunt na Dave Richey, ambao kampuni yao iliuza mbao za kuteleza na ilikuwa imeumizwa na majira ya baridi yasiyo na theluji. Kanuni yake ni rahisi. Maji husukumwa kwa nguvu pamoja na hewa iliyobanwa, yanatoka kama ukungu wa matone madogo sana, na matone hayo huganda kabla ya kugusa ardhi. Sharti lake ni baridi, tena baridi kavu. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, matone hukataa kuganda hata kipimajoto kikionyesha chini kidogo ya sifuri.

Gharama yake inahesabika. Mita 1 ya ujazo ya maji hutoa takriban mita 2 hadi 2.5 za ujazo za theluji. Kwa hesabu hiyo, kufunika hekta 1 kwa kina cha sentimita 30 kunahitaji walau lita milioni 1.2 za maji. Kwa sisi tuliokua tukibeba maji kichwani, hayo ni madumu 60,000 ya lita 20 kwa hekta moja tu, ilhali kituo kikubwa huwa na mamia ya hekta. Nchini Italia yapata asilimia 90 ya miteremko ya mchezo huu ina mitambo ya kutengeneza theluji, na nchini Austria yapata asilimia 70. Katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya Beijing mwaka 2022, karibu theluji yote ilitoka katika mizinga, na makadirio yaliyotolewa yalikuwa kama lita milioni 185 za maji. Kilichoanza kama msaada wa dharura sasa ndicho msingi wa mchezo wenyewe.

Kuna jambo moja zaidi ambalo ni muhimu kwa hoja yangu. Watafiti wa Davos, Uswisi, walipima ni kiasi gani cha maji hupotea njiani kati ya mzinga na ardhi, kwa kugeuka mvuke au kupeperushwa na upepo. Katika majaribio yao yaliyochapishwa mwaka 2019, mizinga ya feni ilipoteza kati ya asilimia 7 na asilimia 35 hivi ya maji, na mizinga ya mlingoti ilipoteza zaidi. Hasara ilikua kadiri hewa ilivyokuwa na joto. Hewa yenye joto hudai pia umeme mwingi zaidi, kwa sababu mizinga ya hewa iliyobanwa huhitaji hewa nyingi zaidi ili kugandisha maji yaleyale. Kwa hiyo theluji ya Oktoba si sawa na theluji ya Januari iliyotangulizwa kwa miezi mitatu. Ni theluji ghali zaidi, inayokula zaidi ili itoe kidogo.

Msomaji anaweza kuuliza mwanafunzi wa Kiswahili nchini Uganda anahusikaje na mambo haya. Kwanza, mchezo huu haupo Ulaya na Marekani peke yake. Nchini Lesotho kituo cha Afriski, kilicho juu ya mita 3,000 kutoka usawa wa bahari, nacho hutegemea mizinga. Pili, nasi tuna theluji yetu. Mlima Rwenzori, unaogawanya Uganda na Kongo, ulikuwa na barafu ya takriban kilomita 6.5 za mraba mwaka 1906. Kufikia mwanzo wa karne hii ilikuwa imebaki chini ya kilomita 1 ya mraba. Hakuna aliyewahi kupanda na mzinga ili airudishe, na hakuna atakayepanda. Hapo panazuka swali la haki lililo pana kuliko mchezo: dunia inapopata joto, wengine hununua baridi, na wengine huishi na kilichobaki. Sitaki kulitumia swali hilo kama fimbo ya kumpiga kila mtu anayeteleza. Nataka litukumbushe tu kwamba theluji ni kitu ambacho hata sisi tunaweza kukifikiria kwa uzito.

Hoja ya kwanza ninayotaka kuipima ni ile inayosema kwamba maji na umeme havipaswi kutumiwa kwa mchezo. Hoja hii inavutia kwa sababu ni fupi, lakini inathibitisha kupita kiasi. Ikiwa mchezo si sababu ya kutumia maji, basi tuuache uwanja wa mpira ukauke, tuyabomoe mabwawa ya kuogelea, na tusiwashe taa katika tamasha la ngoma. Aristotle aliona kwamba mapumziko si mabaki ya kazi. Kwake, tunafanya kazi ili tupate mapumziko, na humo ndimo mtu hukua kama mtu. Anayeteremka mlima kwa mbao mbili miguuni anapata kitu halisi: ujasiri, ustadi, hewa safi, na kuwa pamoja na wenzake. Aidha, mabonde mengi ya Alps yaliyokuwa maskini yalipata shule na barabara kutokana na wageni wa majira ya baridi. Mtu akisema mchezo huo ni upuuzi, amesema tu kwamba si mchezo wake. Kwa hiyo naiweka kando hoja hii, ingawa wengi wa wanaokubaliana nami wangependa niitumie.

Hoja ya pili inatoka upande wa pili, nayo ina nguvu zaidi. Wenye vituo husema: maji hatuyali. Tunayachukua mtoni, tunayaweka mlimani kama theluji, na majira ya joto yakija yanayeyuka na kurudi mtoni. Mkulima wa pamba akinyweshea shamba, sehemu kubwa ya maji yake hupaa hewani kupitia majani. Sisi tunayahifadhi tu. Tukiacha zile asilimia zinazopotea njiani, kauli hii ni ya kweli, na anayeipinga kwa kusema theluji "inameza" maji anasema uongo.

Hata hivyo, hoja hii inadhani kwamba kinachohusu maji ni kiasi tu, na haihesabu wakati. Hapa mwanafalsafa John Locke anaweza kutusaidia, hata asipotaka. Katika andiko lake la pili juu ya serikali, alilolichapisha mwishoni mwa karne ya 17, Locke alitafuta kueleza jinsi mtu anavyoweza kujichukulia kitu katika mali ya wote bila kuwadhulumu wengine. Sharti lake lilikuwa kwamba awabakizie wenzake cha kutosha na kilicho kizuri vilevile. Mfano aliouchagua ulikuwa mto: anayekunywa maji, hata akinywa sana, hamdhulumu jirani ambaye bado ana mto mzima wa kukata kiu.

Mfano huo ni mzuri mpaka tuupeleke mlimani mwezi wa Novemba. Mito ya milima mirefu hujaa majira ya kuchipua, theluji inapoyeyuka. Majira ya baridi yanapoingia, kinachoanguka kutoka mbinguni huganda na kubaki juu, na mto hupungua hadi kufikia kiwango chake cha chini kabisa. Ndicho kipindi ambacho samaki aina ya trauti wa kahawia amekwisha kutaga mayai yake katika changarawe za mtoni, na mayai hayo yanahitaji maji yanayopita juu yake ili yasikauke wala kuganda. Ndicho kipindi hichohicho ambacho hoteli za kijijini zinajiandaa kupokea wageni wa Krismasi, na mabomba yao yanatoka katika chemchemi zilezile. Mzinga unakuja kuchota wakati huo. Ni kweli atarudisha mwezi wa Mei, mto ukiwa tayari umefurika na hauhitaji. Jirani wa Locke alikuwa na mto mzima. Jirani wa mzinga ana mto uliobaki uzi.

Tufikirie jirani anayekuja kukopa debe la mahindi mwezi wa njaa, akaahidi kulirudisha siku ya mavuno. Atarudisha, tena debe limejaa. Lakini siku ya mavuno kila mtu ana mahindi. Alichochukua ni chakula cha njaa, na alichorudisha ni ziada ya shibe. Kwa kipimo cha debe hamna deni; kwa kipimo cha maisha deni lipo. Ndiyo maana nasema kauli ya "maji hurudi" ni ya kweli na bado haitoshi.

Wenye vituo wanaoelewa tatizo hili wamelitafutia dawa: kuchimba mabwawa, kuyajaza maji yanapokuwa mengi, na kuyatumia baridi ikija. Hili ni jibu la haki kuliko kuchota mtoni Novemba, na nalikubali kama hatua mbele. Lakini nalo lina mkopeshaji wake. Mjini La Clusaz, katika Alps za Ufaransa, ulipangwa kuchimbwa bwawa la mita za ujazo 148,000 katika uwanda wa Beauregard, sehemu yake kwa maji ya kunywa na sehemu kubwa kwa theluji. Uwanda huo una msitu na uko karibu na ardhi chepechepe yenye mimea na wanyama wanaolindwa. Wanaharakati waliweka kambi msituni. Mwezi wa Oktoba 2022, baada ya kiangazi cha ukame mkubwa Ulaya, mahakama ya utawala ya Grenoble iliisimamisha ruhusa ya mradi huo, ikiona kwamba faida ya umma itokanayo na kuhakikisha theluji haikutosha kushinda uharaka wa kulinda mazingira na viumbe vyake. Hapo wakati ulilipiwa kwa ardhi. Deni halikufutika, lilihamia kwa mkopeshaji mwingine, ambaye hana mdomo wa kusema.

Sasa nifike kwenye kiini cha jambo, nacho ni swali la wakati wenyewe. Katika kitabu chake African Religions and Philosophy cha mwaka 1969, John Mbiti, Mkenya aliyefundisha Makerere, alichukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akayafanya msingi wa maelezo yake kuhusu wakati katika fikra za Kiafrika. Wengi wamempinga, hasa aliposema kwamba wakati ujao wa mbali haukuwa na nafasi katika fikra hizo, nami sina haja ya kumtetea hapo. Lakini sehemu moja ya mawazo yake inaangaza suala letu. Mbiti alisema kwamba kalenda za jadi zilikuwa kalenda za matukio. Mwezi wa mavuno uliitwa hivyo kwa sababu watu walikuwa wakivuna, si kwa sababu siku 30 zilikuwa zimekwisha. Tukio ndilo lililoufanya wakati, wala wakati haukuliamrisha tukio. Mbiti mwenyewe alikuja kuwa mchungaji wa kanisa huko Burgdorf, Uswisi, nchi aliyoishi hadi alipofariki mwaka 2019, katika miongo ileile ambayo mizinga ilienea katika milima ya nchi hiyo.

Hapo zamani msimu wa kuteleza ulikuwa tukio kwa maana hiyo ya Mbiti. Theluji ilianguka, na kuanguka kwake ndiko kulikokuwa ufunguzi. Leo ufunguzi ni tarehe, na theluji inatakiwa kuitii. Sababu kubwa ni fedha zinazotangulia theluji. Kampuni ya Vail Resorts ilipoanzisha tiketi yake ya msimu mzima iitwayo Epic Pass mwaka 2008, ilijenga biashara juu ya wateja wanaolipa miezi kadhaa kabla ya baridi kuingia. Vituo vingine vimefuata njia kama hiyo. Mteja aliyelipa wakati wa joto ana haki ya kudai alichonunua. Hivyo mlima unajikuta na mkataba ambao haukuutia sahihi.

Mashindano nayo hufanya vivyo hivyo. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu lilipanga mbio mpya za Kombe la Dunia chini ya mlima wa Matterhorn, kutoka Zermatt, Uswisi, hadi Cervinia, Italia, mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba 2022. Mbio zote nne zilifutwa kwa kukosa theluji ya kutosha. Mwaka uliofuata zilisogezwa mbele kidogo, na kabla yake matingatinga yalionekana yakichimba juu ya barafu ya kale ili kuandaa njia, jambo lililowakera wengi. Safari hiyo theluji nyingi na upepo vilizifuta mbio zote nne tena. Mwaka mmoja mlima ulinyima, mwaka wa pili ukazidisha. Kalenda haikuwa imeuliza, na mbio hizo baadaye ziliondolewa katika ratiba.

Mpaka hapa nimezungumza kuhusu maji, ardhi na wakati, vitu ambavyo vinaweza kupimwa. Lakini kuna gharama isiyopimika kwa lita, na mfano wake mkubwa uko Arizona. Karibu na mji wa Flagstaff kuna milima iitwayo San Francisco Peaks. Mataifa 13 ya wenyeji wa Marekani, wakiwemo Wanavajo na Wahopi, huiona kuwa mitakatifu. Kwa Wahopi, humo hukaa roho ziitwazo katsina, zinazowaletea mvua. Kituo cha Arizona Snowbowl kiko katika mlima huo, kwenye ardhi ya serikali. Miaka ya theluji haba iliifanya biashara yake kuyumba, na mwaka 2005 idara ya misitu ya Marekani iliruhusu theluji itengenezwe kwa maji taka ya mji wa Flagstaff yaliyosafishwa. Mataifa hayo yalikwenda mahakamani. Mwaka 2007 majaji watatu wa mahakama ya rufaa waliwapa haki. Mwaka 2008 mahakama hiyohiyo, ikikaa na majaji wengi zaidi, ilitengua uamuzi huo, na mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuisikiliza kesi. Mwishoni mwa mwaka 2012 mizinga ilianza kupuliza.

Majaji walio wengi walisema kwamba hakuna njia iliyofungwa, hakuna mmea mtakatifu ulioharibiwa, na hakuna ibada iliyozuiwa. Kilichoguswa ni hisia za waumini. Jambo la kushangaza ni kwamba kwa hesabu ya maji, Snowbowl inaweza kujitetea kuliko vituo vingi. Haichoti mto uliobaki uzi. Inatumia maji yaliyokwisha kutumika. Kama gharama ni lita tu, basi huo ndio mfano wa kuigwa. Lakini kwa Mhopi, au kwa Mnavajo anayechuma dawa mlimani, uchafu haumo katika kipimo cha maabara. Kwa wasomaji wa Uganda, tuchukue Bakonzo, ambao huamini kwamba roho iitwayo Kitasamba hukaa Rwenzori, na wanaouita mlima huo kwa jina la theluji yake. Mtu akija kuwaambia kwamba maji ya choo yaliyosafishwa vizuri yatapulizwa juu ya kilele ili wageni wacheze, je, ingetosha kuwaonyesha cheti cha usafi? Nadhani kila msomaji ana jibu, hata asiye na imani hiyo. Mtu anaweza kudhulumiwa bila kupungukiwa na tone moja la maji. Anadhulumiwa pale kitu kilicho chake kwa namna asiyoweza kuiandika kwenye hati kinapokopwa, naye akaambiwa kwamba hakukuwa na kitu cha kukopwa.

Lazima sasa nijibu pingamizi zito kuliko yote. Tukizima mizinga, nani ataumia kwanza? Mwenye kampuni hataumia sana. Ataumia mhudumu wa hoteli, mpishi, mwendesha lifti na mwalimu wa watoto, wengi wao vibarua wa msimu ambao sehemu kubwa ya mapato yao hutegemea wiki za Krismasi na Mwaka Mpya. Pingamizi hili lina uzito wa kweli. Tena sehemu kubwa ya hewa chafu inayotokana na mchezo huu hutoka katika safari za wageni, si katika mizinga, kwa hiyo anayezima mzinga wa kijiji ili watu waruke kwa ndege kwenda mlima wa mbali zaidi hajaiokoa dunia.

Kwa sababu hiyo natofautisha kuokoa msimu na kuuwahisha. Kijiji kinachopata baridi ya kweli mwezi wa Desemba, kikatumia siku hizo chache kuweka tabaka la chini kwa maji yaliyohifadhiwa tangu mto ulipojaa, kinaokoa msimu. Kinafuata tukio: baridi imekuja, nao wanaitumia. Kituo kinachopuliza Oktoba, hewa ikiwa bado vuguvugu, kwa hasara kubwa ya maji na umeme, ili kitangaze kwamba kimekuwa cha kwanza, kinauwahisha msimu. Mhudumu wa hoteli hapati mshahara wa maana kutokana na utepe mmoja wa Oktoba. Anayepata ni tangazo. Najua mpaka kati ya mambo haya mawili hauonekani kila siku, na mwendeshaji wa kituo atasema kwamba saa za baridi hazitabiriki, zikitokea hana budi kuzitumia. Ni kweli. Lakini ugumu wa kuuona mpaka wakati wa machweo haumaanishi kwamba hakuna usiku na mchana.

Kuna hatari nyingine ndani ya kuokoa kwenyewe, nayo inahusu muda tunaoununua. Utafiti wa mwaka 2023 uliochunguza vituo 2,234 vya Ulaya ulionyesha kwamba dunia ikipata joto la nyuzi 2 zaidi kuliko kabla ya viwanda, asilimia 53 ya vituo hivyo vitakuwa katika hatari kubwa sana ya kukosa theluji. Nusu ya miteremko ikiwekewa mizinga, asilimia hiyo hushuka hadi 27. Lakini joto likifika nyuzi 4, ni asilimia 98 bila mizinga, na asilimia 71 hata pamoja nayo. Kwa maneno mengine, mzinga hununua muda, na muda huo una mwisho. Kijiji kinachoutumia kujitafutia kazi nyingine za mlimani kimekopa kwa busara. Kijiji kinachoutumia kununua mizinga zaidi kimekopa ili kulipa mkopo. Na mbaya zaidi, utepe mweupe humfanya mgeni aone kwamba hakuna kilichobadilika. Mlima wa kahawia mwezi wa Desemba ungemwambia ukweli.

Kwa kuhitimisha, napendekeza maswali matatu ambayo kila theluji ya kutengeneza ingepaswa kuyajibu kabla ya maji kusukumwa. Je, anayekopwa, awe mto, ardhi au watu ambao mlima ni wao, ana ziada wakati huu? Ufaransa na Uswisi zina sheria zinazotaka mto ubakiziwe kiasi fulani cha maji, na hiyo ni njia moja ya kuusikiliza mkopeshaji asiyesema. Je, wenye kusema wameulizwa, na jibu lao la hapana limehesabiwa kuwa jibu? Na je, muda ulionunuliwa unatumiwa kwa nini?

Theluji ya kuokoa msimu inaweza kuyajibu maswali haya, si kila mahali, lakini mahali pengi. Theluji ya kuwahisha msimu inashindwa katika yote matatu: huchukua mto unapopungua, haiulizi, na muda inaoununua haiutumii kwa lolote ila kufika mbele ya jirani. Kituo kinachokubali kufungua wiki tatu baadaye, na kumrudishia fedha mteja ambaye theluji haikumfikia, kinapoteza tangazo na kubaki na haki. Naamini kuna wateja wa kutosha ambao wangekubali kungoja kama wangeambiwa wanangoja nini, na kwa ajili ya nani.